Sokwe wa Maabara na Haki ya Umma ya Kujua

Uwazi kuhusu sokwe wa maabara ni jambo la maswali machache ya wazi. Wako wangapi? Wamefungiwa wapi, na walitolewa msitu gani? Wanafanyiwa nini, kwa kibali cha nani, na utafiti ukiisha wanapelekwa wapi? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 majibu ya maswali hayo yalikaa kwenye makabati ya taasisi zenyewe. Umma, ambao kodi yake ndiyo iliyowalisha sokwe na kuwalipa mishahara watafiti, haukuyaona.

Sokwe walitafutwa na wanasayansi kwa sababu ya ukaribu wao na binadamu. Chembe zao za urithi zinalingana na za binadamu kwa takriban asilimia 98 au zaidi. Magonjwa ambayo hayamshiki panya wala sungura humshika sokwe: homa ya ini aina ya B na C ni mfano mzuri. Ukaribu huohuo ndio unaolifanya suala hili kuwa zito. Mtoto wa sokwe hunyonya kwa miaka kadhaa na hukaa na mamake kwa miaka minane hivi au zaidi, na ili wawindaji wampate kwa kawaida ilibidi mama auawe kwanza. Akitunzwa vizuri sokwe hufikisha miaka 50, hata zaidi. Kwa hiyo sokwe aliyeingizwa maabara akiwa mchanga angeweza kukaa humo muda mrefu kuliko daktari aliyemdunga sindano ya kwanza, na mradi uliomleta ukawa umesahaulika yeye akingali hai kizimbani.

Eneo la wasemaji wa Kiswahili liliingia katika historia hii mapema. Mwaka 1956, katika Kongo ya Wabelgiji, kambi ya sokwe ilifunguliwa Lindi, nje kidogo ya mji wa Stanleyville, ambao sasa unaitwa Kisangani. Ilisimamiwa na maabara ya tiba ya Stanleyville iliyoongozwa na daktari Mbelgiji, Ghislain Courtois, ikishirikiana na taasisi ya Wistar ya Philadelphia, Marekani, ambako Hilary Koprowski alikuwa akitengeneza chanjo ya polio ya kumeza. Sokwe walinaswa katika misitu ya pande zile wakaletwa Lindi ili ipimwe kama chanjo ile ni salama na kama kweli inakinga. Wengine walitumiwa katika utafiti wa homa ya ini. Kwa miaka michache tu, hadi karibu na uhuru wa Kongo mwaka 1960, sokwe wapatao 400 au zaidi walipitia kambi hiyo, na miongoni mwao walikuwamo bonobo, jamaa wa sokwe anayepatikana kusini mwa mto Kongo peke yake.

Chanjo yenyewe ilipewa watu. Mwaka 1958 zaidi ya watu 200,000 walichanjwa, wengi wao katika bonde la Ruzizi, kati ya Bukavu na Ziwa Tanganyika. Walipangwa foleni, kila mmoja akafungua kinywa, na mhudumu akamnyunyizia dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ripoti ya kampeni hiyo ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la madaktari wa Uingereza, na mtu anaweza kuisoma hata leo. Habari za sokwe wa Lindi hazikupata bahati hiyo. Makala za wakati ule zilisema machache mno juu yao: sokwe yupi alipewa nini, viungo vyake vilipelekwa wapi, wangapi walikufa na kwa sababu gani. Kisha ukoloni ukaanguka, wazungu wa maabara wakaondoka, vita vikafuata, na karatasi zikatawanyika.

Pengo hilo lilikaa miaka 30 kabla ya madhara yake kuonekana. Ukimwi ulipojulikana, na ilipobainika kwamba virusi vyake vilitokana na virusi vya sokwe, watu walianza kuuliza kuhusu Lindi. Mwaka 1999 mwandishi Mwingereza Edward Hooper alitoa kitabu kinene, The River, akidai kwamba huenda chanjo ya Koprowski ilikuzwa kwenye figo za sokwe na ndiyo iliyoingiza virusi kwa binadamu. Koprowski na wenzake walikana, wakasema walitumia figo za aina nyingine ya nyani kutoka Asia. Lakini walikana bila kumbukumbu kamili za kuonyesha, na mkanushaji asiye na daftari hana la kumshawishi mtu aliyekwisha kushuku.

Ilibidi sayansi ifanye kwa gharama kubwa kazi ambayo daftari la mlinzi wa kambi lingeifanya bure. Septemba 2000 Jumuiya ya Kifalme ya London iliitisha mkutano maalumu kuhusu jambo hilo. Sampuli za chanjo ya zamani zilizokuwa zimehifadhiwa zilipimwa katika maabara tofauti zisizotegemeana. Hazikuonekana chembe za sokwe, wala virusi vya Ukimwi au jamaa zake. Kabla ya mkutano huo, mwanabayolojia William Hamilton wa Oxford alisafiri mwenyewe hadi Kongo pamoja na mtafiti kijana, Michael Worobey, kukusanya kinyesi na mkojo wa sokwe wa porini karibu na Kisangani. Hamilton aliugua malaria safarini, akafariki dunia London Machi 2000. Worobey aliendelea, na mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha matokeo: virusi vya sokwe wa Kisangani ni vya ukoo mwingine kabisa na si mzazi wa virusi vya Ukimwi vilivyoenea duniani. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mzazi huyo yuko kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun, na kwamba virusi viliingia kwa binadamu mapema katika karne ya 20, miongo kadhaa kabla ya Lindi kujengwa.

Chanjo ikaondolewa lawama. Hata hivyo hofu ya aina hiyo haifutwi na makala ya jarida. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo ya polio kwa fununu kwamba imetiwa dawa ya kufunga uzazi na virusi vya Ukimwi, na polio ikaenea tena katika nchi ambazo zilikuwa zimeshaisahau. Nchini Kenya, Agosti 2015, maaskofu Wakatoliki waliwataka waumini wasiwapeleke watoto kwenye kampeni ya polio mpaka chanjo ipimwe. Fununu hizo hazikutokana na Lindi moja kwa moja. Zilitokana na kitu ambacho Lindi ni kielelezo chake: watu wanaotibiwa bila kuambiwa dawa ilipitia wapi kabla ya kuwafikia.

Marekani ndiyo nchi iliyoweka sokwe wengi zaidi maabara, na pia ndiyo ambako mvutano wa kutaka wajulikane ulikuwa mkali zaidi. Namna sokwe walivyoitwa inaeleza mengi. Sokwe aliyerushwa angani na shirika la NASA tarehe 31 Januari 1961, akasafiri kwa dakika 16 na nusu hivi kabla ya kuanguka baharini, alikuwa amenaswa Kamerun akiwa mchanga. Hadi siku ya kuruka rekodi zilimwita Namba 65. Jina la Ham, ambalo dunia ilimjua nalo, lilitangazwa baada ya kurudi salama, kwa sababu wakubwa walihofia kwamba umma ungeumia zaidi endapo angekufa sokwe mwenye jina kuliko akifa mwenye namba. Walikuwa wameelewa sawasawa nguvu ya habari, na wakaizuia kwa makusudi.

Mwishoni mwa mwaka 1986 wanaharakati waliingia kwa siri katika maabara ya kampuni ya SEMA huko Rockville, Maryland, iliyolipwa na serikali kufanya majaribio ya virusi, wakatoka na picha za video. Jane Goodall, aliyekuwa amewafuata sokwe wa Gombe, Kigoma, tangu Julai 1960, alioneshwa video hiyo, kisha Machi 1987 akaomba kuingia mwenyewe. Alikuta watoto wa sokwe wa miaka miwili au mitatu wamewekwa wawili wawili katika vizimba vyenye upana wa sentimita 56 kila upande na kimo cha sentimita 61. Ndani ya kila kizimba walikuwamo wanyama wawili ambao Gombe wangekuwa wakirukaruka mitini na kubebwa mgongoni mwa mama zao. Wengine walikuwa peke yao katika masanduku yaliyofungwa, yenye kidirisha kidogo cha kioo. Goodall aliandika alichokiona katika gazeti kubwa la New York mwezi Mei, na kutoka hapo mjadala haukurudi tena chini ya meza.

Pesa za serikali zilikuwa bado zinaongeza sokwe. Mwaka 1986 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilianzisha mpango wa kuwazalisha kwa ajili ya utafiti wa Ukimwi. Ikaonekana kwamba sokwe akiambukizwa virusi vya binadamu haugui kama binadamu, hivyo hakufaa sana kwa kazi hiyo. Mwaka 1995 uzalishaji ulisimamishwa, mamia ya sokwe wakabaki vizimbani bila kazi. Sheria ya mwaka 2000 ikaanzisha mfumo wa kuwastaafisha kwenye makimbilio ya kitaifa huko Louisiana, Chimp Haven.

Uamuzi mkubwa ulitokana na hesabu zilizowekwa wazi. Mwaka 2011, Bunge lilipohoji, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipewa kazi ya kuchunguza matumizi ya sokwe katika utafiti na kujibu kama yalikuwa ya lazima. Wakati huo sokwe waliokuwa tayari kwa utafiti walikuwa zaidi ya 900. Jibu la Desemba mwaka huo lilikuwa kwamba matumizi mengi hayakuwa ya lazima. Mwaka 2013 NIH ikatangaza kuwastaafisha wengi na kubakiza 50 tu kama akiba. Mwaka 2015 sokwe wote, wakiwemo waliozaliwa vizimbani, waliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, na Novemba mwaka huohuo NIH ikaachana hata na wale 50. Miaka yote hiyo mwanafalsafa Lori Gruen alikuwa akiwaweka hadharani sokwe kwa majina: 100 wa kwanza waliotumiwa katika utafiti nchini humo, kisha 1,000 wa mwisho na safari ya kila mmoja kuelekea kwenye makimbilio. Kazi hiyo inastahili sifa kubwa kuliko inavyopewa. Takwimu humwambia msomaji tatizo lina ukubwa gani. Orodha ya majina humpa uwezo wa kuuliza mwaka ujao, fulani yuko wapi?

Swali hilo liliendelea kuhitajika. Oktoba 2019 NIH ilisema sokwe 44 walio Alamogordo, New Mexico, ni wazee na wagonjwa mno kuhamishwa, hivyo wangefia huko. Kwa kuwa idadi yao na hali zao zilijulikana, mashirika yalikwenda mahakamani, na Desemba 2022 jaji aliamua kwamba NIH ilikiuka sheria ya mwaka 2000. Uwazi wenyewe pia unaweza kurudishwa nyuma. Februari 2017 Wizara ya Kilimo ya Marekani, inayokagua maabara, iliondoa kwenye mtandao maelfu ya ripoti za ukaguzi ambazo mtu yeyote alikuwa akizisoma. Zilirejeshwa mwaka 2020, baada ya Bunge kuiamuru wizara kwa sheria.

Afrika Magharibi ina kisa chake. Kuanzia 1974 kituo cha damu cha New York kiliendesha maabara nchini Liberia, ambako sokwe walitumiwa kutafuta chanjo ya homa ya ini, faida ambayo mamilioni ya watu wanaiona leo. Majaribio yakaisha, sokwe wakawekwa kwenye visiwa vidogo vya mtoni visivyo na chakula cha kuwatosha wala maji safi, wakitegemea chakula kilicholetwa kwa mashua. Machi 2015, Liberia ikiwa bado inapambana na Ebola, kituo hicho kilikata fedha za kuwalisha. Sokwe walikuwa 66. Walionusuru maisha yao ni watunzaji wa Liberia walioendelea kupeleka matunda, pamoja na kelele za umma baada ya habari kuvuja. Mei 2017 kituo kilikubali kutoa dola milioni 6 kuchangia matunzo yao. Mkataba wa kuwatunza maisha yao yote ulipaswa kuwa hadharani tangu sokwe wa kwanza alipoingizwa kizimbani.

Kenya haina sokwe wa porini, ingawa meno ya kale yaliyopatikana Baringo yanaonyesha kwamba waliishi Bonde la Ufa yapata miaka 500,000 iliyopita. Walio hai nchini leo wako upande wa pili wa Mlima Kenya kwa mtu anayetoka Embu: katika hifadhi ya Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Ilifunguliwa mwaka 1993 kwa makubaliano ya Ol Pejeta, Shirika la Wanyamapori (KWS) na taasisi ya Jane Goodall, ili kuwapokea sokwe kutoka Burundi iliyokuwa ikiingia vitani. Mmoja wao, Poco, alikuwa amefungiwa miaka tisa katika kizimba chembamba kwenye karakana mjini Bujumbura ili avute wateja. Nafasi ilikuwa finyu hata akazoea kusimama, na alipofika Sweetwaters aliendelea kutembea wima kwa miguu miwili kama mtu. Hapo hakuna majaribio ya maabara, na majike hupewa dawa ya kuzuia mimba ili wasiongezeke kizimbani. Mgeni anawaona, anaambiwa majina yao na walikotolewa. Huo ndio uwazi katika umbo lake rahisi kabisa, na hakuna sababu ya kisayansi inayozuia maabara kutoa habari kama hizo kwa maandishi.

Maabara ya wanyama wa jamii hii ipo Kenya, ila wanaotumiwa ni nyani na tumbili. Taasisi ya Utafiti wa Nyani ilianzishwa na Louis Leakey huko Tigoni, Limuru, mwaka 1960, ikahamia baadaye Karen, Nairobi, pembeni mwa msitu wa Oloolua, na sasa ni shirika la serikali. Nyani wake hunaswa porini humu nchini, wakakaa karantini kabla ya kutumiwa. Wamesaidia utafiti wa malaria na wa kichocho, ugonjwa unaowasumbua wakulima wa mpunga wa Mwea, jirani kabisa na Embu. Wamesaidia pia kuchunguza ugonjwa wa wanawake ambao nyama ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake na kuleta maumivu makali. Ni utafiti wenye faida halisi kwa watu wa hapa, na hiyo ni sababu nzuri ya kuueleza kwa lugha yao. Matokeo hutoka katika majarida ya kitaalamu, ambayo mkulima wa kawaida hayapati, na akiyapata hayamwambii nyani wangapi walinaswa mwaka huo na wapi.

Kwa wakazi wa Manyatta, huko Embu, jambo hili haliko mbali. Mashamba ya majani chai na kahawa ya huko yanapanda hadi kwenye mpaka wa msitu wa Mlima Kenya, na kima na tumbili huingia kwenye mahindi na ndizi. Mkulima aliyekula hasara hufurahi mnyama anaponaswa na kuondolewa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kunasa bila kibali, na kila penye kibali pana karatasi: nani amepewa, wanyama wangapi, kwa kazi gani. Majaribio yenyewe yanahitaji leseni chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na utafiti hupata kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu.

Karatasi hizo zinaweza kuombwa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza njia. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, likielekezwa kwa mkuu wa taasisi au ofisa aliyemteua. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na ofisa huyo. Mwombaji halazimiki kueleza sababu. Taasisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21, na kama habari ziko kwa taasisi nyingine, ombi linahamishiwa huko ndani ya siku tano. Sheria inahusu hata taasisi binafsi zinazopokea fedha za umma au zenye habari zenye maslahi makubwa kwa umma, jambo la maana kwa kuwa utafiti mwingi hufanywa kwa ubia.

Watafiti wana hofu yao, nayo haifai kupuuzwa. Nchini Uingereza na Marekani kuna wanasayansi waliotishwa, hata nyumba zao kushambuliwa. Sheria ya Kenya inalinda habari za faragha za mtu, usalama wa taifa na siri za kibiashara. Lakini idadi ya wanyama, mahali walikonaswa, lengo la jaribio, kiwango cha maumivu na hatima ya mnyama si anwani ya nyumbani kwa mtu yeyote. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2010, ulipiga marufuku majaribio kwa sokwe isipokuwa kwa dharura kubwa, na kwa wanyama wengine ukaagiza kila mradi utolewe muhtasari kwa lugha nyepesi pamoja na takwimu za kila mwaka. Maabara za Ulaya hazikufungwa kwa sababu hiyo.

Taasisi ikikataa au ikinyamaza, mwombaji ana siku 30 za kulipeleka suala kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosimamia sheria hiyo. Tume inaweza kuita mashahidi, kudai nyaraka na kuagiza habari zitolewe, na taasisi isipotii, mlalamishi anaweza kuomba ruhusa ya Mahakama Kuu ili agizo litekelezwe kama hukumu.